Risala ya Kikundi cha Wasomaji Watu Wazima, Mtwara, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kisomo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, mkutubi wetu na wasaidizi wake, viongozi wa dini, wazee wetu, wanakikundi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya watu wazima tunaokutana kusoma katika maktaba hii, nakukaribisha sana. Umefika saa ileile uliyosema, ukatukuta bado tunapanga viti. Tuwie radhi, hatujazoea wageni rasmi wa namna hiyo.

Leo ni tarehe 8 Septemba, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 1966 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Siku hii ndiyo iliyotupa nafasi ya kukuita. Sababu ya kukuita, hata hivyo, ni mjadala uliotokea humu ndani, na hatujaumaliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, binti wa mwenzetu mmoja anasoma ughaibuni. Alimtumia mama yake picha ya tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa maktaba ya umma anakoishi, na mama akatuonesha sote. Ni ratiba ya kuanzia Septemba hadi Novemba. Jumanne jioni mwandishi anakuja kuzungumzia kitabu chake kipya. Jumatano ni kompyuta kwa wazee, Alhamisi ni lugha kwa wahamiaji, na Jumamosi ni darasa la waliokatiza masomo wanaotaka kurudia mtihani. Yote bure. Huko nchi za kaskazini huu ndio msimu wa maktaba: joto limepungua, giza linaingia mapema, watu wamerudi kutoka likizo na wanatafuta pa kwenda jioni. Marekani wameufanya mwezi wa Septemba kuwa wa kuandikisha watu kadi za maktaba tangu 1987. Si jambo lililozuka jana. Uingereza Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1850 ya kuruhusu miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba, na Boston ilifungua maktaba yake ya umma mwaka 1854.

Tulipoiona ratiba ile, vijana wetu wakasema tuinakili kama ilivyo. Ndipo mzee mmoja, mkulima wa upande wa Nanyamba, akauliza: "Septemba hadi Novemba, nani atakuja? Mwandishi atazungumza na viti?"

Alikuwa na haki. Kwao majani yanapukutika. Kwetu ni korosho zinazodondoka. Kuanzia Oktoba mji huu unapungua watu. Mwalimu ana shamba, muuguzi ana shamba, fundi cherehani anaondoka na watoto kwenda kuokota. Anayebaki mjini yuko ghalani, au anasubiri mnada, au anamdai aliyeko mnadani. Tukasema basi tuhamishe miezi. Desemba mvua zinaanza, watu wako kwenye mihogo na mpunga hadi Aprili. Mei hadi Agosti ni kupuliza salfa kwenye mikorosho, na katikati yake kuna unyago, ambao hakuna mwandishi duniani anayeweza kushindana nao. Tulizunguka kalenda nzima, hatukupata mwezi ulio wazi.

Tulichokipata ni saa. Mtu mzima wa Mtwara hana msimu wa kupumzika, ila ana muda kati ya Magharibi na kulala, na ana Jumapili mchana. Humo ndimo tunamoomba maktaba imwingie. Nitalirudia hili mwishoni kwa sura ya ombi.

Mheshimiwa, hatudai kwamba tumebuni kitu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata jirani zetu wa Masasi wakawa miongoni mwa wilaya chache zilizotangulizwa katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Kuna mama hapa, ameketi safu ya pili, ambaye wakati huo alikuwa msichana mdogo kwenye kikundi cha kusikiliza redio. Anasema walikaa chini ya mwembe, redio ikazungumza, mwalimu wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya kuamua watafanya nini. Uamuzi wa kikundi chao ulikuwa kuchimba vyoo. Vikachimbwa. Sisi tumeuiba utaratibu huo mzimamzima. Mwandishi akija, akimaliza kuzungumza na maswali yakiisha, mwenyekiti anauliza: "Haya, tunafanya nini?" Mwandishi wa kwanza tuliyemwita alidhani anafukuzwa.

Niseme kidogo juu ya siku hiyo, maana ilitufunza mengi kuliko semina zote tulizowahi kukalia. Watu walikuja wengi, kisha wakapungua ilipojulikana kwamba hakuna bahasha ya posho. Waliobaki ndio kikundi hiki. Tulitarajia maswali kuhusu fasihi. Swali la kwanza lilikuwa analipwa shilingi ngapi kwa kila nakala, na alijibu bila kuficha. Ukumbi mzima ukamwonea huruma. La pili liliulizwa na mama lishe wa pale stendi: "Kwa nini kwenye hadithi zenu mtu wa Kusini akitokea ni mlinzi wa geti? Hana mke, hana kwao, kazi yake kufungua na kufunga." Mwandishi alinyamaza muda mrefu. Hakuwa na jibu, na aliungama hivyo. Kwa maoni yangu mimi katibu, swali hilo peke yake lililipa nauli yake ya basi kutoka Dar es Salaam.

Tangu hapo baadhi yetu tumeanza kuandika wenyewe. Vijana wa kata ya Reli walitaka kujua kwa nini wanaishi Reli na hawajawahi kuona reli. Wazee wakawasimulia habari za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, bandari yetu ya kina kirefu iliyojengwa kwa ajili yake, na njia ya treni iliyofika Nachingwea kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga hazikustawi, jina likabaki. Masimulizi hayo sasa yako kwenye madaftari, kwa mwandiko wa watu ambao wengine wao walijifunza kushika kalamu ukubwani, humuhumu.

Na hilo ndilo eneo la pili la kazi yetu, yaani kisomo na masomo. Wapo wanaoanza na herufi. Wapo wanaojiandaa kwa QT, yaani Mtihani wa Maarifa, na kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakiwemo akina mama waliokatiza shule kwa ujauzito miaka ambayo mlango wa kurudi ulikuwa umefungwa, kabla serikali haijaufungua tena mwaka 2021. Lakini somo linalojaza chumba kuliko yote ni kusoma makaratasi ya korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anakabidhi korosho ghalani na kupewa karatasi hadi ziuzwe mnadani, umekuwa nasi tangu msimu wa 2007/2008, na bado mkulima anapewa karatasi yenye uzito, daraja na makato, anaikunja, anaitia mfukoni. Tunaikunjua pamoja. Tunakokotoa. Tunajua makato gani ni ya halali na yapi ya kwenda kuuliza kwenye chama cha msingi cha ushirika. Mtu aliyeelewa karatasi yake si rahisi kumpelekea mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mnada, korosho zake zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kisa ada ya mtoto. Sisemi kangomba imekwisha. Njaa ya Agosti haisomi hesabu. Ila wapo wanakikundi waliosubiri mnada kwa mara ya kwanza, na tunawafahamu kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yanayotukwaza ni ya kawaida, sitayarefusha. Vitabu vya Kiswahili kwa mtu mzima anayeanza kusoma ni vichache. Vilivyopo vimeandikwa kwa mtoto wa darasa la pili, na baba mwenye wajukuu anaona haya kushika kitabu chenye picha ya sungura. Mwandishi kumleta Mtwara ni takriban kilomita 560 za barabara, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga tulilazimika kumsikiliza mgeni wetu kwa simu iliyowekwa juu ya meza, wote tumeinama kama tunaangalia bao.

Maombi yetu ni haya. La kwanza, na kama utaweza moja tu basi liwe hili: utusaidie maktaba iwe wazi hadi saa mbili usiku, angalau siku mbili kwa wiki. Wanakikundi wako tayari kupokezana zamu ya kukaa na mkutubi ili asibaki peke yake. Kinachohitajika ni taa za nje, kwa sababu akina mama wanatembea, na posho ya mlinzi. Mlinzi huyo, tunaahidi, tutamwandika kwenye hadithi akiwa na mke na kwao.

La pili, msimu wa korosho ukianza, turuhusiwe kuazima vitabu kwa sanduku na kuvipeleka kwenye maghala ya vyama vya msingi. Watu wanakaa pale siku nzima wakisubiri kupimiwa, wakipiga soga na kutafuna ming'oko. Sanduku moja kila ghala linatosha kuanzia. Tutasaini sisi, na kitakachopotea tutakilipa.

La tatu, tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na kila mwaka inapata washindi. Tunaomba utufikishie salamu kwa wahusika: mshindi mmoja tu kila mwaka apangiwe kuja Kusini, aje Jumapili mchana, alale kwa mwanakikundi, ale pweza. Nauli ya kurudi tutachanga.

Madaftari ya masimulizi ya Reli yako mezani mbele yako. Tunaomba uyafungue kabla hujaondoka, na kama una swali, walioyaandika wapo hapa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi