Barua kwa mwanangu: pima kasi ya mtutu wako

Mwanangu mpendwa,

Picha ya shabaha yako nimeitazama mara nyingi. Kwenye mita 100 risasi tano zimekaa pamoja kiasi cha kufunikwa na sarafu moja, halafu kwenye mita 800 zote zimeanguka chini, zaidi ya sentimita 30. Darubini usiiguse, na mikono yako haina kosa. Umeingiza kwenye kikokotoo, kile kinachokuambia risasi itaanguka kiasi gani, kasi ya kutoka mtutuni iliyoandikwa kwenye boksi la risasi, mita 800 kwa sekunde. Hiyo ilipimwa kwenye mtutu mwingine, pengine mrefu kuliko wako. Kama wako unatoa 780, kwenye mita 100 tofauti ni milimita chache, huwezi kuiona. Mbali ndiko inakojitokeza.

Basi pima. Mwingereza Benjamin Robins alishapima mwaka 1742: alipiga risasi kwenye ubao mzito ulioning'inizwa, akaangalia umebembea kiasi gani. Wewe unayo ile kronografu yangu, kipima kasi cha risasi chenye vihisi viwili vya mwanga. Risasi ikipita juu ya kihisi cha kwanza saa inaanza, ikipita cha pili inasimama. Kati yao kuna milimita 600, na risasi yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde huzimaliza kwa sekunde 0.00075. Ndiyo maana nakusihi ufungue bawaba ya katikati, pale kronografu inapokunjwa, mpaka uisikie imelia. Siku moja mimi niliiacha haijanyooka, nafasi ikapungua milimita 3, kasi ikasomeka mita 4 zaidi ya ilivyo. Nilishinda kutwa natafuta kosa kwenye baruti.

Iweke mita 3 au 4 mbele ya mdomo wa mtutu, mlipuko usivisumbue vihisi, kisha ongeza mita 2 au 3 kwenye jibu kufidia kasi iliyopotea njiani. Kabla hujaenda kuiweka, toa risasi kwenye chemba, chumba chake nyuma ya mtutu, na uache bolti, kifungio cha chemba hiyo, wazi. Kila mara, mwanangu, hata ukiwa peke yako. Jua likiwa linaingia na kutoka mawinguni, ahirisha, maana vihisi hudanganyika. Vipo vipima kasi vya kufunga kwenye mtutu wenyewe, navyo husoma vizuri, ila uzito wake huhamisha mahali risasi inapogonga.

Risasi tatu hazitoshi. Piga kumi, ikiwezekana ishirini, na usitazame wastani peke yake. Chukua baruti mbili zenye wastani uleule wa 780: moja inacheza kati ya 776 na 784, nyingine kati ya 765 na 795. Kwenye mita 100 hutazitofautisha. Kwenye mita 800 ile ya pili itakuchorea mstari wa kusimama wenye urefu wa zaidi ya nusu mita, na hakuna kulenga kutakakoufupisha.

Andika joto la siku hiyo, kwa kuwa baruti nyingi zikipata joto husukuma kwa nguvu zaidi. Risasi zikae kivulini, na usiiache moja kwenye chemba ya moto huku unatafakari upepo.

Ukishapata wastani, uingize kwenye kikokotoo, urudi mita 800 na upige tano. Zikibaki juu au chini kidogo, rekebisha kasi taratibu mpaka kikokotoo kikubaliane na shabaha. Kisha nitumie ule ukurasa wa daftari wenye namba zote ishirini, hata zile usizozipenda.

Baba yako