Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Ndugu wanachama,

Semina mbili na mafunzo ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, yamefanyika, muhtasari mnao. Vyuo vilifungwa Machi kwa ajili ya korona, vikafunguliwa Juni 1, na hekaheka za kufidia muhula kila mmoja wetu anazijua.

Nije kwenye seva tuliyonunua ili wanafunzi wafanyie mazoezi ya Python, lugha ya kuandikia programu, maana imesemwa sana, na zaidi pembeni. Wapo wanaodai fedha ile ingenunulia wanafunzi bando. Bando huisha. Na mpango wao ulikuwa kila mwanafunzi apakue faili la gigabaiti 5 la Linux, mfumo endeshi kama Windows, aliendeshe ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta ya pili ndani ya laptopu. Laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, ukiipa Linux 2, Windows inabaki ikihema. Kwenye nyingine Linux haikuwaka kabisa kwa sababu VT-x, uwezo wa prosesa ambao VirtualBox inauhitaji, ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia kompyuta, na kumwongoza mtu kwa simu aingie BIOS usiyoiona ni kazi ya asubuhi nzima.

JupyterHub, mfumo ulio kwenye seva yetu wa kuandika na kuendesha programu, inafunguka kwenye kivinjari chochote, na mazoezi ni kilobaiti chache tu. Seva ina RAM ya gigabaiti 64: wanafunzi 50 kwa mpigo, kila mmoja 1, zinazobaki ni za mfumo. Ile siku seva ilipolala, ambayo hamchoki kunikumbusha, kikomo hicho cha gigabaiti 1 hakikuwa kimewekwa. Kitanzi kimoja kisicho na mwisho katika programu ya mwanafunzi kilijaza orodha hadi kikameza kumbukumbu yote, darasa zima likatupwa nje. Nilikuwa nimeagiza kikomo kiwekwe. Muhtasari wa kikao upo. Siku hizi inakufa programu ya aliyekosea peke yake.

Wanaotumia simu bado wanapata shida, nakiri. Kibodi hubadilisha print kuwa Print, hupinda alama za kunukuu, na Python inakataa vyote viwili. Kitufe cha Tab, cha kusogeza mistari ndani, nacho hakipo (Python bila Tab ni tabu). Dawa ni kuzima usahihishaji wa kibodi kabla ya somo.

Ada: wanachama 62, waliolipa 23. Mkutano wa Novemba tulikuwa 11, watatu wakaaga mara baada ya chai. Wanaoilaumu seva kwa sauti kubwa wengi wao wamo katika wale 39, majina anayo mweka hazina.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaongeza betri za UPS, kwani zilizopo hazihimili umeme ukikatika kwa muda mrefu, na pengine seva ya pili, ada zikiruhusu.

Mwenyekiti