Kwa Sahibu Aliyezuiwa Kutia Mguu Chini

Langoni, Lamu

Sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalaam alaykum. Waraka wako umenifikia kwa mkono wa mwanao, nami nimeusoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kujua kwamba umerudi Malindi salama baada ya kutengenezewa aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, na mara ya pili kwa wasiwasi, kwa sababu ya mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu. Umesema watoto hawakuachi utie mguu chini, na umesema umeacha zile sindano za tumboni kwa kuwa zinakuachia alama nyeusi.

Umeniuliza, ikiwa mshipa umeshonwa vizuri, hilo donge la damu ambalo daktari amekutahadharisha kwamba laweza kuingia mapafuni litatoka wapi. Halitoki kwenye aota. Damu ya aota hutoka upande wa kushoto wa moyo ikienda kichwani, kwenye figo na miguuni, kwa hiyo donge likiwa humo huziba huko huko mbele. La mapafuni huanzia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hasa ile iliyo ndani kabisa ya shavu la mguu na paja. Likibanduka hupanda na vena kuu ya tumboni, likapita upande wa kulia wa moyo, kisha likanasa katika mishipa ya mapafu, ambayo huzidi kuwa myembamba kadiri inavyogawanyika.

Tulipokuwa tukisomea uuguzi tulikaririshwa mambo matatu yanayohusishwa na jina la daktari Mjerumani, Rudolf Virchow: damu inayokwenda polepole, mshipa ulioumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Wewe, sahibu, umeyakusanya yote. Umelala siku nzima. Umepasuliwa tumbo pale ambapo vena kuu imelala ubavuni mwa aota. Na mwili uliokatwa kiasi hicho huzidisha nguvu ya kugandisha damu kwa wiki kadhaa ili uzibe jeraha, wala haubagui kati ya jeraha na mguu uliotulia.

Ndiyo maana ulipewa sindano, ambazo kwa maelezo yako nadhani ni za jamii ya heparini. Haziyeyushi donge lililokwishaganda. Huzuia lisijengeke wala lisikue. Alama nyeusi ni jambo la kawaida, lakini mwambie daktari ikiwa zinaenea au unavuja damu mahali popote, kwa kuwa yeye anapima mizani ngumu: dawa ikizidi, mgonjwa aliyeshonwa mshipa mkuu aweza kuvuja ndani; ikikosekana, donge hupata nafasi. Mpigie simu leo, wala usijirudishie dawa mwenyewe, na hiyo habasoda na vitunguu saumu unavyoletewa kama dawa mtajie pia.

Kuhusu kulala, nitasema wazi hata kama wanao watanichukia. Ndugu yangu alipovunjika nyonga tulimweka ghorofani wiki tatu, chakula kikimfuata, maji yakimfuata, nasi tukijiona tunamhurumia. Asubuhi moja alisema kifua kinamchoma akivuta pumzi. Mimi, muuguzi wa miaka mingi, nikasema ni gesi, nikaagiza chai ya tangawizi. Alipoanza kuhema kama aliyekimbia ndipo nilipomtazama mguu na kuuona umevimba, mmoja tu, na shavu lake lina moto. Tulimteremsha ngazi zile za kwetu unazozijua, tukampakia mashuani; alipona, alhamdulillahi, ila chai ile hainitoki moyoni.

Basi, maadamu daktari alikuruhusu kutembea ulipotoka hospitali, nenda hadi dakani na urudi, mara nyingi kwa siku, hatua chache chache, na kesho uongeze kidogo, bila kuinua kitu kizito. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama umewekewa kipimo.

Safari ya Maulidi iahirishe, tafadhali. Kutoka Malindi kupita Garsen na Witu hadi Mokowe ni saa nyingi za kukaa magoti yamekunjwa, kisha bado mashua. Kukaa hivyo kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari hata kwa mtu asiyepasuliwa.

Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, moyo ukienda mbio bila sababu, ukikohoa damu au ukizimia, mkimbilie hospitali saa hiyo hiyo, na aliyekupeleka aseme tangu mlangoni kwamba umepasuliwa aota. Mguu mmoja ukivimba au kuuma, usisubiri kuche.

Msomee mwanao mkubwa barua hii, kisha uniandikie daktari amesema nini juu ya sindano.

Sahibu yako,
muuguzi mzee wa Langoni