Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Wagonjwa waulizwe habari ya kesho yake

Ndugu Mganga Mkuu,

Mdogo wangu aliugua homa ya dengi mwaka 2019, ilipolikumba jiji letu. Homa iliisha. Uchovu upo mpaka leo. Akifua nguo chache hapa Mbagala, jioni unamwona mzima. Kesho yake au keshokutwa hanyanyuki kitandani, na hata maneno yanampotea.

Amepimwa malaria, wingi wa damu, kisukari, kifua kikuu, VVU na tezi ya shingo. Hakuna kilichoonekana. Vipimo hivyo vilistahili kutangulia, maana maradhi hayo yote huchosha na yana dawa. Shida ilianza baada ya majibu. Daktari mmoja alisema ni mawazo, mwingine baridi yabisi, wa tatu akamwambia akimbie kila asubuhi. Alikimbia siku nne, akalala miezi miwili.

Uchovu sugu wa namna hii, ambao wataalamu huuita ME/CFS, Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969. Una ndugu wengi, ndiyo maana unachanganya. Kwenye fibromayalgia, maumivu ya mwili mzima ndiyo yanayotangulia. Kuna maradhi ambayo mtu akisimama, ndani ya dakika 10 mapigo ya moyo yanapanda kwa 30 au zaidi kwa dakika. Kuna UVIKO usiokwisha. Kuna chikungunya, iliyopewa jina la Kimakonde baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa nchi yetu, nayo huacha viungo vikiuma kwa miezi. Mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Sonona nayo huchosha, lakini mwenye sonona mara nyingi hupoteza hamu. Mdogo wangu hamu anayo. Nguvu ndiyo hana.

Dalili inayoutambulisha ugonjwa huu zaidi ni hiyo ya kuzidiwa baada ya kujituma. Ndiyo maana mwongozo wa tiba wa Uingereza wa 2021 ulikataza kuwapa wagonjwa hawa ratiba ya kuongeza mazoezi kidogo kidogo.

Ninakuomba uwaandikie waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya. Mwenye uchovu wa miezi sita, ambaye vipimo havionyeshi kitu, aulizwe: "Ukifanya kazi, kesho yake unakuwaje?" Apimwe mapigo na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Asiambiwe akimbie kabla ya hapo.

Mdogo wangu yuko tayari kuja kuwaeleza wataalamu wako. Tupangie siku mapema tu, apate kupumzika kabla, na asipandishwe ngazi.