Risala ya wazazi na walimu wa darasa la jioni kwa Mgeni Rasmi, Tandale, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Walimu, wazazi na walezi. Watoto wetu wapendwa: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Tunashukuru kwa dhati, maana wapo hapa wazazi ambao watoto wao wasingeliona dawati. Lakini kengele ya kutoka ikigongwa, yanaanza masomo mengine, na hayo yana bei. Mwenye nacho analipia tuisheni. Mtoto wa mama anayepepeta nafaka sokoni hadi giza linaingia anarudi kwenye chumba kimoja cha kupanga, hana meza, hana wa kumuuliza. Kesho yake wote wawili wanafanya mtihani mmoja.

Ndiyo maana tukaanzisha darasa hili. Ni bure, siku zote za shule, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, katika chumba tulichoazimwa na ofisi ya mtaa.

Siku za mwanzo mtoto mmoja wa darasa la tatu alitusomea ukurasa mzima bila kukwama. Mwalimu akauziba kwa kiganja, akaacha neno moja tu la katikati: kikapu. Mtoto akanyamaza. Alikuwa amekariri kwa kusikia wenzake wakiitikia. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani atalionaje hilo? Hatumlaumu hata kidogo.

Tangu hapo hatuwapangi kwa darasa wala umri. Tunawapima, kisha kila mmoja anakaa na wa hatua yake: herufi, maneno, aya, hadithi. Utaratibu huu umeenezwa na Pratham, taasisi iliyoanza mwaka 1995 kwenye mitaa ya watu maskini ya Mumbai, India. Kadi zetu za herufi tumezikata kwenye maboksi ya sabuni. Mtoto yule sasa yuko kundi la hadithi, na baada ya risala hii atakusomea kitabu utakachomchagulia mwenyewe.

Linalotuumiza zaidi ni wasichana. Jioni ndiyo saa ya kuchota maji, kupika na kulea wadogo zao, basi wanakatika katikati ya wiki. Tumeruhusu waje na wadogo zao mgongoni. Kelele zipo, lakini wanasoma, nasi tunawaomba wazazi wenzetu wawaachie saa hizo mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu vya hadithi vya Kiswahili tunavihitaji, na nauli ya vijana waliomaliza kidato cha sita wanaofundisha kwa kujitolea pia. Ila ombi letu kubwa halina gharama kubwa. Chumba chetu kimejaa, wengine wanasomea barazani, na mvua ikinyesha tunawarudisha nyumbani. Shule ya msingi iko jirani, ina madawati na taa, na jioni imefungwa. Tunaomba utusemee kwa Halmashauri na Kamati ya Shule tupewe vyumba viwili kwa saa hizo. Usafi na ulinzi tutaubeba wazazi wenyewe; zamu tumeshazipanga na orodha ya majina tunakukabidhi leo.

Naomba kuwasilisha.