Neema, kirusi kinajuaje kuua saa ngapi na kulala saa ngapi

Neema mambo vipi,

Natumaini wote wazima huko. Lile swali lako, kwamba kirusi kinachomwingia bakteria kinajuaje kianze na nini kimalizie na nini wakati hakina ubongo wala chochote, nimeona nikilijibu kwa meseji mbili tatu ntakuwa nalionea, acha nikuandikie vizuri.

Jibu fupi ni kwamba jeni zinapokezana. Jeni ya kwanza inatoa protini, protini hiyo inawasha jeni zinazofuata au inazima zilizotangulia, na mpangilio huo ndo saa yenyewe. Chukua faji inaitwa T4 (faji ndo hivyo virusi vya bakteria). DNA yake ikishaingia ndani ya bakteria aitwaye E. coli inaanza kusomwa na RNA polimerasi (mashine ya kusoma jeni) ya bakteria mwenyewe, maana T4 haiji na ya kwake. Jeni za mwanzo zinasomwa hapo hapo, na kati ya protini zinazotoka kuna mbili, AsiA na MotA, zinamng'ang'ania huyo polimerasi na kumgeuza asome jeni za katikati, zile za kukopi DNA. Baadae inakuja nyingine inaitwa gp55 inamhamishia kwenye jeni za mwisho, za kujenga vichwa na mikia. Na hapa ndo penyewe, gp55 inafanya kazi vizuri pale tu DNA inapokuwa inakopiwa, kwa sababu inategemea protini fulani yenye umbo la pete inayozunguka DNA wakati wa kukopi. Yaani vichwa havijengwi kama hakuna cha kuweka ndani. Kwenye nyuzi 37 ni kama nusu saa tu bakteria anapasuka.

Ila T4 inajua kuua tu. Inayonikosesha usingizi mimi ni faji nyingine inaitwa lambda, aliyoigundua Esther Lederberg, akatangaza mwaka 1951, maana yenyewe inachagua. Inaweza kuua bakteria saa hiyo hiyo, au ikajichomeka kwenye kromosomu yake ikalala humo vizazi na vizazi, bakteria akigawanyika nayo inagawanywa, na bakteria wala hana shida.

DNA yake ina herufi 48,502, ikiingia tu ncha mbili zinanasana inakuwa duara. Zinasomwa jeni mbili kwanza, N na cro. N inamfanya polimerasi apite zile alama za kumwambia simama, asipopita jeni zinazofuata hazisomwi vya kutosha. Kati ya hizo kuna cII na protini yake, CII, ndo mwenye maamuzi makubwa, yeye akiwa mwingi anawasha jeni ya cI, ya kulaza, na jeni ya kimeng'enya kinachoichomeka lambda kwenye kromosomu. Lakini CII ni protini dhaifu, kuna kimeng'enya cha bakteria kinaitwa FtsH kinamtafuna. Bakteria akiwa ana njaa CII anadumu zaidi, na faji nyingi zikiingia bakteria mmoja kwa pamoja CII anatengenezwa mwingi zaidi, kwa hiyo hali zote mbili zinasukuma upande wa kulala. Na ukifikiria ina mantiki kabisa, bakteria mwenye njaa hatazalisha faji wengi, na faji zikiwa nyingi kuliko bakteria ina maana wa kuambukiza wanakaribia kuisha.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu. Kuna sehemu fupi kwenye DNA inaitwa OR, ina viti vitatu vimepangana, OR1, OR2 na OR3. Upande mmoja wa viti polimerasi anasimama kusoma cro, upande mwingine anasimama kusoma cI. Protini ya CI inapenda OR1 kwanza, ikikaa hapo inamvuta mwenzie akae OR2, wakishakaa hao wawili cro haisomeki tena, halafu yule wa OR2 anamgusa polimerasi wa upande wa pili na kumsaidia asome cI kwa nguvu zaidi. CI inajiwashia yenyewe Neema! Cro kinyume chake, inakimbilia OR3 kwanza, na ikikaa hapo cI inazimwa. Akishinda Cro inawashwa jeni ya Q, nayo inafungulia vichwa, mikia na protini za kutoboa bakteria. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri kuliko hiki kwenye baiolojia nzima, protini mbili, viti vitatu, na humo humo kuna uamuzi.

Kuamka nako kuna utaratibu wake. DNA ya bakteria ikiumia, kwa mfano kwa miale ya urujuanimno, protini ya bakteria inayoitwa RecA inaamka kusaidia ukarabati, na CI ikikutana nayo inajikata yenyewe vipande viwili. Viti vinabaki wazi, Cro inapanda, lambda inachomoka na kuondoka kabla meli haijazama.

Hii si mambo ya maabara tu. Kuna E. coli wanaosababisha kuhara damu na figo kufeli, kama wale wa mlipuko wa Ujerumani mwaka 2011, na jeni ya ile sumu yao ya Shiga iko ndani ya faji ya ukoo wa lambda, imekaa kwenye jeni za mwisho zinazofunguliwa na Q. Yaani faji ikiamka na sumu inatoka. Ndo maana madaktari wanakuwa waangalifu sana na antibayotiki kwa wagonjwa hao, hasa zile zinazoumiza DNA ya bakteria, maana zinaweza zikaamsha faji.

Na ulivyouliza kama tunaweza kuvitumia kama dawa, inawezekana, ila kwa dawa unataka faji inayoua, si ya kulala. Mwaka 2019 timu ya Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh ilitangaza kwamba binti wa miaka 15 huko Uingereza, aliyepandikizwa mapafu na bakteria wakawa hawasikii antibayotiki, alipewa faji tatu akapata nafuu kubwa. Mbili kati ya hizo zilikuwa za kulala kwa asili, wakaziondoa ile jeni inayofanya kazi kama cI, zikawa za kuua.

Nijibu ukipata muda, na kama pale kwenye viti vitatu nimekuacha sema nikuchoree.

Wako,
Asha