Barua kwa Wafula Kuhusu Nyota Kubwa Isiyo Nzito

Kisumu,
12 Juni.

Mpendwa ndugu Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi sote tu wazima, na natumaini mama watoto na vijana wako hapo Nakuru hawajambo. Barua yako ilinifikia salama, nikafurahi kusikia kwamba wanafunzi wako wamekubana kwa swali zuri: ikiwa uso wa Simaki, nyota ambayo vitabu vingi huiita Arcturus, una joto pungufu kuliko uso wa Jua, imewezaje kutoa mwanga unaolizidi Jua kwa zaidi ya mara 150? Uliwajibu kwamba ni kwa sababu ya ukubwa wake, wakaridhika. Jibu hilo ni sahihi, ila nachelea kwamba limewaacha wakiamini kuwa nyota hiyo imesheheni vitu vingi kuliko Jua, na sivyo hata kidogo.

Suala la rangi halihitaji maneno mengi. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na uso wa Simaki nyuzi 4,000 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa nyota hii rangi ya chungwa. Kila mita mraba ya uso wake hutoa chini kidogo ya theluthi moja ya nishati inayotolewa na mita mraba ya uso wa Jua, na sehemu kubwa ya nishati hiyo ni mionzi ya joto ambayo macho yetu hayaioni.

Ukubwa ndio wenye mambo. Nusukipenyo cha Simaki ni takriban mara 25 ya kile cha Jua. Lau ingewekwa mahali pa Jua, ingeenea angani kwa digrii 13 hivi, yaani upana unaozidi ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono, ilhali Jua letu halifikii hata upana wa kidole chako cha mwisho. Kwa ujazo, ingemeza majua zaidi ya 16,000. Sasa waulize wanafunzi tungamo lake, yaani wingi wa vitu vilivyomo, ni kiasi gani. Watataja maelfu, na jibu ni kwamba linalizidi Jua kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Ni vitu vilevile, karibu kiasi kilekile, vilivyotandazwa mahali papana mno.

Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya Simaki, kwa wastani, haifikii gramu 100, wakati mita moja ya ujazo ya hewa unayoivuta hapo Nakuru ina karibu kilo nzima. Wastani huo, hata hivyo, unaficha mengi, kwa kuwa kiini cha nyota ni kidogo na kimeshindiliwa vibaya sana, na gesi ya sehemu za nje ni hafifu kuliko wastani unavyoonyesha. Hata nguvu ya mvutano juu ya uso wake ni hafifu, takriban sehemu moja ya ishirini ya ile ya Dunia: gunia la mahindi la kilo 90, kama lingeweza kupimwa kule bila kuteketea, lingesoma kilo nne na ushei kwenye mizani yetu. Ndiyo maana nyota za aina hii hupoteza gesi yake angani kwa urahisi.

Kilichoitanua ni uzee. Simaki inakadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka bilioni 7, na hidrojeni iliyokuwa katika kiini chake imekwisha kugeuka heliamu. Kiini kilipokosa nishati ya kukitegemeza, kilijikunyata kwa uzito wake chenyewe kikazidi kupata joto, na tabaka la hidrojeni linalokizunguka likaanza kuungua kwa kasi kuliko kiini kilivyowahi kuungua. Wingi huo wa nishati ukasukuma sehemu za nje, nazo zikatanuka na kupoa. Jua letu litapitia njia iyo hiyo baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Usije ukadhani kwamba nyota zote zilizotanuka namna hii zinafanana. Pollux ina tungamo linalokaribia mara mbili ya Jua, na bado nusukipenyo chake ni kama mara 9 tu ya Jua. Aldebaran, ambayo tungamo lake halilizidi Jua kwa mengi, imefika mara 44 hivi. Mwenye vitu vingi ndiye mdogo! Mfano huu, kwa maoni yangu, unatosha kuwatoa wanafunzi katika ile dhana ya uzito.

Mwezi huu, kwenye saa tatu na nusu usiku, watoe nje watazame karibu na utosi, yaani juu kabisa ya vichwa vyao, kaskazini kidogo. Nyota inayong'aa zaidi upande huo ndiyo Simaki. Kusini ya utosi kuna nyota ya Sumbula, au Spica, yenye weupe wa kuelekea buluu na uso wa zaidi ya nyuzi 20,000, na tofauti ya rangi zao huonekana bila darubini.

Kisha waache wakokotoe wenyewe. Wape nusukipenyo cha 25.4, na joto la kelvini (nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri halisi, si kuanzia barafu inapoyeyuka) 4,290 kwa Simaki na 5,770 kwa Jua. Wachukue mraba wa nusukipenyo, wauzidishe kwa uwiano wa joto la Simaki kwa lile la Jua, uliopandishwa hadi kipeo cha nne; jibu ni mara ngapi Simaki inalishinda Jua kwa mwanga. Wakipata 197 au karibu yake, wamefaulu. Atakayekuletea 184 ametumia Selsiasi, mrudishe mezani.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Otieno